Simu na laptopu ya watoto kutoka Kariakoo: duka nalisifia, ila kuna jambo liliniumiza

Nianze na nilichonunua ili tuelewane. Mwezi wa 12 mwaka jana shule zimefungwa nilinunua laptopu iliyotumika kwa 520,000 na simu janja mpya kwa 265,000, vyote duka moja la ghorofani Kariakoo, mtaa wa Aggrey. Jina la duka silitaji maana kuna kosa walifanya, ntalieleza huko mbele, na mwenye duka alilirekebisha mbele ya macho yangu kwahiyo sitaki kumharibia riziki yake. Laptopu ni ya binti yangu, ana miaka 15, ameingia kidato cha tatu. Simu ni yake yeye na mdogo wake wa kiume wa miaka 13 aliyeanza kidato cha kwanza, wanatumia wote wawili, na kwanini moja kwa wawili nayo ntasema.

Nimekaa navyo miezi mitatu sasa, siandiki kwa furaha ya siku ya kwanza.

Mi nashona. Simu yangu ndo ofisi, wateja wananitumia picha za mishono WhatsApp, vipimo, hela ya kianzio inaingia humohumo. Sasa tangu binti yuko kidato cha pili walimu wakawa wanatuma maswali ya likizo na notisi kwenye grupu la wazazi, yaani kila jioni mtoto anaomba simu anakaa nayo saa nzima ananakili kwenye daftari, na mteja akipiga anapokea yeye, "mama yuko jikoni", akinirudishia chaji asilimia 6 na bando limekwisha. Nilikuwa nakasirika, lakini nikawaza hivi kosa lake nini hapo? Anasoma.

Ila hicho siyo kilichonifanya nitoe hela. Kilichonifanya nitoe hela ni mtoto wa kaka yangu.

Kaka alikuwa na msimamo mkali, simu mpaka amalize kidato cha nne, na mi nilimuunga mkono kabisa, nilikuwa naona ndo malezi. Binti akiwa na miaka 16 wifi akawa anafua akakuta simu janja ndani ya begi la shule imeviringishwa kwenye soksi. Kumbe anayo miezi saba. Aliyempa ni mtu mzima, mwanaume mwenye familia yake, na kila wiki anamwekea bando. Sitaki kueleza yaliyofuata maana ni ya mtoto na anaendelea na maisha yake, namshukuru Mungu yuko salama. Lakini siku ile nilikaa pale kwa kaka nikawa namwangalia yule mtoto analia, siyo mkaidi, siyo mtoto wa mtaani, ni mtoto mpole anayesali, wenzake wote wana simu yeye hana, akatokea mtu akampa. Tangu hapo nikaelewa kitu kimoja na ndo naandika yote haya kwa ajili yake: simu ya mtoto ina mwenyewe, kama siyo wewe mzazi basi kuna mtu mwingine. Na huyo mwingine hampi bure.

Baba watoto hakukubali haraka. Alisikia redioni Australia wamezuia watoto chini ya miaka 16 kuwa na akaunti za mitandao ya kijamii, sheria imeanza kazi tarehe 10 Desemba 2025, akaniambia unaona, wenzetu wenye hela zao wanawanyang'anya sisi ndo tunawapa. Nikamwambia baba fulani, soma vizuri, wamezuia akaunti, hawajazuia mtoto kumiliki simu wala kompyuta. Tulivutana siku nne. Mwisho tukakubaliana hivi: kompyuta iwe ya binti kabisa, simu iwe ya watoto wote wawili, kwa sababu kompyuta mtoto akikaa nayo mezani sebuleni kila mtu anaona anachofanya, simu inaingia chini ya shuka. Shuleni simu hairuhusiwi kwahiyo mchana inabaki nyumbani, usiku inalala chumbani kwetu.

Haya, Kariakoo. Nilienda na mtoto wa dada yangu anasoma mambo ya kompyuta chuo, nawashauri kila mzazi aende na mtu anayejua, hata kama utamlipa nauli na chakula. Tukashuka mwendokasi Msimbazi, na kabla hatujavuka barabara mawinga watatu, wale vijana wanaovuta wateja kuwapeleka madukani, wameshatukamata, "mama karibu laptopu", "mama simu za Dubai", mmoja akanishika mkono kabisa. Winga siyo mtu mbaya ila bei anayokupa ina cha juu chake ndani, nenda mwenyewe hadi dukani. Tulipanda ngazi, duka dogo, laptopu zimepangwa mpaka darini, kijana wa mauzo akatuamkia vizuri, "shikamoo mama, kaa kwanza", akaleta kiti na maji. Hiyo huduma ya mwanzo naipa alama zote. Hakunisukuma.

Ya kwanza aliyonionyesha ilikuwa 380,000, inang'aa, haina hata mkwaruzo, nikaipenda palepale. Mtoto wa dada akaigeuza akasoma kistika akasema hapana mama mdogo, hii siyo. Akanifundisha na mi nawafundisha: angalia namba ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, mfano i5-6300U, hiyo namba ya kwanza baada ya mstari ndo kizazi chake, 6 maana yake kizazi cha 6. Windows 11 inataka prosesa za Intel za kizazi cha 8 kwenda juu, na Windows 10 ilishaacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, yaani Microsoft hawaitolei tena masasisho ya usalama ya bure kama zamani. Ndo maana sasa hivi za kizazi cha 6 na 7 zimejaa madukani bei imeshuka, maofisi huko nje wamezitupa. Siyo kwamba hazifanyi kazi, zinawaka vizuri tu, lakini unamnunulia mtoto kitu cha miaka minne mbele halafu mlango wake wa usalama hauna mlinzi. Tukataka i5-8250U, ukiona inaanza na 8 ni kizazi cha 8, ukiona inaanza na 10 au 11 ni bora zaidi ila na bei inapanda.

Kijana hakukasirika, akashusha nyingine, RAM (memori ya kufanyia kazi) GB 8, SSD (sehemu ya kuhifadhia vitu) ya GB 256, bei 560,000. Mtoto wa dada akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri (Command Prompt) akaandika powercfg /batteryreport, kompyuta ikatengeneza ripoti ya betri yenyewe, unaona uwezo betri iliotoka nao kiwandani na uliobaki. Ilitoka na mWh (kipimo cha umeme wa betri) elfu hamsini na kitu imebaki elfu kumi na tisa, yaani hata nusu haifiki. Hapa ndo nikawapenda: yule kijana akaomba aonyeshwe namna ya kufanya, akazijaribu tatu mbele yetu mpaka ikapatikana moja yenye elfu thelathini na nane. Tukabonyeza kibodi herufi zote, tukajaribu kamera, tukachomeka flashi kila tundu, tukasikiliza spika, tukashusha mpaka 520,000 na waranti ya miezi mitatu imeandikwa kwenye risiti. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, waliitoa bila kuombwa, na madukani kwetu hilo siyo jambo dogo.

Laptopu mpaka leo haijanisumbua. Betri inakaa kama masaa matatu, umeme ukikatika binti anamalizia kazi yake. Kibodi herufi M inang'ang'ania kidogo. Basi.

Sasa simu.

Simu yenyewe ni nzuri, RAM 4, memori 64, kioo kizuri, chaji inafika jioni. Nilibonyeza *#06# nikalinganisha IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na iliyo kwenye boksi, hiyo tabia ninayo tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walivyozima simu feki mwezi wa 6 mwaka 2016, shangazi yangu aliamka asubuhi simu yake imekuwa kioo cha kujitazamia. Laini nimesajili kwa NIDA (kitambulisho cha taifa) yangu kwa alama ya kidole maana watoto hawana NIDA, kwahiyo mzazi ujue laini ya mwanao ni jina lako, chochote kitakachofanyika na ile namba watakuja kwako, na ukitaka kujua laini ngapi ziko kwa jina lako piga *106#.

Kosa lilikuwa hapa. Wakati mi nahesabu hela, kijana mwingine mdogo akasema "mama nakuwekea simu iwe tayari", akaiwasha, akaweka lugha, akaweka WhatsApp, akaweka kava. Nikashukuru. Nyumbani watoto wakaanza kutumia. Siku ya nne binti ananiambia mama, mbona kwenye namba za simu kuna watu hatuwajui? Nikaangalia. Majina zaidi ya mia tatu. Fundi bomba wa Kigamboni, mama mkwe wa mtu, dokta wa mtu, baba mwenye nyumba wa mtu. Nikampigia mtoto wa dada, akaja jioni, akafungua mipangilio akakuta simu imesajiliwa kwa Gmail ya yule kijana wa duka, na Gmail hiyohiyo anawawekea wateja kibao. Maana yake namba za kila mteja zinaenda kwa wote. Na upande wa picha, kunakili picha kwenda mtandaoni kulikuwa kumewashwa. Picha za binti yangu za siku nne, amevaa nguo za nyumbani, yuko na mdogo wake wanacheka, zilikuwa zimeshaenda kwenye akaunti ya mwanaume nisiyemjua.

Jamani niliishiwa nguvu. Simu nzima nimenunua ili mwanangu asiwe na mtu nyuma yake, na nimemletea mtu nyumbani mwenyewe.

Asubuhi yake nilikuwa Aggrey kabla hawajafungua. Sikupiga kelele. Nilimwambia mwenye duka, naye ni mama mtu mzima kama mimi, nikamwambia mama mwenzangu njoo uone. Alivyoona picha ya mtoto wangu kwenye simu ya kijana wake alikaa kimya, halafu akamwambia yule kijana futa, mbele ya huyu mama, na kule kwenye takataka zake futa. Tukafuta zote, majina na picha, tukahakikisha. Yule kijana nadhani hakuwa na nia mbaya, ndo walivyomfundisha, wanaona wateja hawana Gmail au wamesahau paswedi basi wanawasaidia. Lakini kutokuwa na nia mbaya hakunitoshi. Mwenye duka akataka kunipa protekta bure nikamwambia sihitaji protekta, nahitaji msifanye hivi kwa mtoto wa mwenzangu. Akasema kuanzia leo simu zinatoka zimefungwa. Nilipita tena mwezi wa pili kumsindikiza jirani, kweli simu aliyouziwa ilitoka na boksi lake na hakuna aliyeigusa. Nimempa heshima yake.

Kwahiyo usikubali mtu dukani akuwekee simu "iwe tayari". Kama tayari unayo, nenda mipangilio, akaunti, angalia Gmail iliyopo ni ya nani. Kama siyo yako hamisha vitu vyako kwanza, itoe hiyo akaunti, ndipo urudishe simu ilivyotoka kiwandani ukiwa ndani ya mipangilio. Usiirudishe kwa kubonyeza vitufe vya pembeni kabla hujaitoa, simu ikiwaka inaweza kukudai paswedi ya ile akaunti ya zamani na hapo utarudi kwa fundi ukilia.

Baada ya kuisafisha tukaweka Family Link, hii ni ya Google, ni bure, unaiweka kwenye simu yako mzazi na simu ya mtoto inaunganishwa. Naona wengi wanaiogopa au wanaitegemea kupita kiasi. Inachofanya ni hiki, unapanga masaa kwa siku, unapanga saa ya kulala, sisi ni saa tatu usiku simu inajifunga ila ikipigwa bado wanaweza kupokea, mtoto akitaka kushusha programu ombi linakuja kwangu nakubali au nakataa, na naona iko wapi. Isichofanya, haisomi meseji za WhatsApp. Nilikuwa nataka isome, nikakasirika haisomi, ila nilivyokaa nikaona ni afadhali, mi mwenyewe nikiwa na miaka 15 nilikuwa na barua kwenye kopo la maziwa na mama yangu alijua na hakuzisoma.

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba kwa mtoto aliyeshafika umri wa kuwa na akaunti yake mwenyewe, huwezi kumuwekea kimyakimya. Lazima akubali yeye kwenye simu yake. Kwahiyo tulikaa kwenye mkeka, mimi, baba yao, wao wawili, mtoto wa dada anasoma kila kipengele kwa sauti. Binti akauliza mama ukiona niko wapi utakuwa unanifuatilia kila dakika? Nikamwambia nitaangalia ukichelewa tu. Akasema na wewe baba? Baba yake akasema mi siijui hata kuifungua. Akafikiri kama dakika nzima, akabonyeza kukubali. Ile dakika kwangu ilikuwa na thamani kuliko simu yenyewe, maana nilipata nafasi ya kumwambia habari ya binamu yake yote, bila kumficha, na akaniambia mama nilijua kabla yenu.

Alijua kabla yetu. Watoto wanajua mambo ya wenzao na hawana wa kumwambia, kwa sababu akikwambia mwenzangu ana simu ya siri cha kwanza utamnyang'anya na yeye.

WhatsApp tumerekebisha watu wasiowajua wasiweze kuwaingiza kwenye magrupu, na simu za namba ngeni zisiite. TikTok nimekataa mpaka sasa. Binti ananiambia wenyewe TikTok wanaruhusu miaka 13, ni kweli, na akaunti za miaka 13 mpaka 15 zinaanza zikiwa za faragha na meseji za moja kwa moja hazipo mpaka 16, haya yote anayajua kuliko mimi, lakini nimemwambia ukifika 16 tutakaa tena mkekani. Amenuna siku mbili. Sijui kama niko sahihi hapo, nasema ukweli, ila ndo nilipofika.

Na matumizi? Laptopu imenishangaza. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu ina vitabu vya kiada, unajisajili unasoma bure, vile vitabu ambavyo shuleni wanagawana watoto watano. Mitihani ya zamani ya NECTA, baraza la mitihani, anaipata, anajipa masaa matatu kwa saa ya ukutani, anasahihisha mwenyewe. Kwenye kompyuta anaona ukurasa mzima, kwenye simu alikuwa anavuta herufi kwa vidole mpaka macho yanamuuma. Na mwezi wa pili amenitengenezea orodha ya wateja, jina, vipimo, kianzio, siku ya kuchukua, nimeacha kulitafuta daftari lenye mafuta ya cherehani. Filamu pia anaangalia, Jumamosi na mdogo wake, sina neno.

Intaneti ya laptopu inatoka kwenye simu, kwahiyo simu ikiingia chumbani kwetu na laptopu nayo inabaki bila mtandao, hatukupanga hivyo ila imetusaidia sana. Angalizo moja la bando: usiku wa kwanza GB nzima iliondoka hatujafungua hata ukurasa mmoja, kompyuta ilikuwa inajishushia masasisho yake. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao uiambie huu mtandao unalipiwa kwa kipimo (metered connection), inatulia. Masasisho mnayashusha mara moja kwa mwezi mkiwa na bando la usiku au sehemu yenye waifai, msiyaache kabisa.

Siyo kila kitu kimenyooka. Mwezi wa kwanza niliamka saa nane usiku nikakuta kitanda cha kijana kitupu, yuko sebuleni gizani na laptopu ya dada yake anacheza gemu lililoletwa na rafiki kwenye flashi, halihitaji mtandao, kwahiyo mipango yangu yote ya simu haikumgusa. Shuleni alikuwa anasinzia na mwalimu alishaniandikia. Tangu hapo waya wa chaji wa laptopu unalala na simu chumbani kwetu. Na kugombana kwao juu ya simu nani anashika lini kulinichosha mpaka dada mtu akachora ratiba akabandika mlangoni, mdogo ana Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na anaitetea siku yake kama wakili.

Duka ningerudi? Kwa laptopu ndiyo, na nimeshapeleka watu wawili. Kwa simu ndiyo pia, ila ichukue ikiwa imefungwa. Nenda asubuhi katikati ya wiki, Jumamosi pale huwezi hata kusikia spika unayoijaribu. Waranti yangu imeisha wiki iliyopita, binti ndo aliyekumbuka, akaendesha tena ile ripoti ya betri, imeshuka kutoka elfu thelathini na nane mpaka thelathini na sita na kidogo, akaandika tarehe na namba nyuma ya risiti.

Kijana ameanza kuuliza yake lini. Nimemwambia kidato cha tatu, kama dada yako. Amehesabu kwa vidole akaniambia mama ni miezi 22.